Sweta za Bluu Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi tukiwa mstarini. Mwalimu mkuu alikuwa anatangaza kwamba muhula ujao kila mwanafunzi atavaa sweta mpya ya bluu, matone yakaanza, akakatiza na kuturuhusu tukimbilie madarasani. Wenzangu walishangilia mvua, si sweta. Mimi habari hiyo nilikuwa nayo tangu Ijumaa. Sweta hizo, zote mia sita, zitafumwa kwenye karakana anayoisimamia Mama.

Nimeamua kuandika mpaka zitakapokwisha. Kuongea mbele za watu kunanishinda, kuandika bado hakujanishinda.

Jambo lenyewe ni hili. Tajiri, mwenye karakana, amemwambia Mama kwamba anajaribu mara ya mwisho. Sweta zikitoka kabla shule hazijafunguliwa Mei, na zisipozidi bajeti aliyompa, mashine zitabaki. Zikichelewa au zikila hela zaidi, atauza mashine zote na jengo atalipangisha liwe ghala. Mama alituambia haya mezani huku akipuliza chai. Shangazi, dada yake Baba, anafuma palepale na analala chumba kimoja nami. Akauliza, "Ghala la kuweka nini, hasira zake?" Mama akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Baba hayupo, yuko njiani na lori kama kawaida.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita karakana baada ya shule. Mama ametundika ubao mweupe ukutani. Mwaka jana alihudhuria semina ya usimamizi wa uzalishaji na cheti chake kipo sebuleni, juu ya kabati. Sasa anataka kukitumia.

Zamani kila mfumaji alichukua koni zake za uzi, akafuma sweta nzima: mgongo, kifua, mikono, shingo. Kisha aliviunga vipande mwenyewe na kulipwa kwa sweta. Kuanzia leo kila mtu na sehemu yake. Wa migongo ni migongo tu, wa mikono ni mikono tu. Vipande vinatupwa kwenye makapu katikati ya chumba, na muungaji anachukua humo. Mama alieleza kwamba mtu akirudia kitu kimoja mkono unazoea, kasi inapanda, na gharama ya kila sweta inashuka. Nilimwelewa vizuri kuliko ninavyomwelewa mwalimu wa hesabu. Nilijivunia.

Mwanamke tunayemwita Kasi, kwa sababu mashine yake hata ukiwa barabarani unaisikia, amepewa mikono. Alifurahi. Shangazi alipewa migongo.

"Mgongo wa nani?" akauliza.

"Wa yeyote."

"Mgongo wa yeyote," akarudia, kama mtu aliyeonja chakula kisichotiwa chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulipomaliza kazi mchana Mama aliwaita wote wasogee karibu na ubao. Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya uzi na kitabu changu, mahali ninapokaa siku zote. Akasema amepiga hesabu ya mishahara mara tatu na bajeti haiwabebi wote. Watu watatu watapumzika. Amepima kasi ya kila mtu kwenye mashine wiki nzima, hakumwonea mtu. Kisha akataja wa kwanza, naye alikuwa Shangazi.

Ni kweli Shangazi ndiye wa mwisho kwa kasi. Kila kitu anakitazama mara mbili. Lakini nilidhani Mama angemwambia nyumbani.

"Wifi," Shangazi akasema, "asubuhi tumekunywa chai ya birika moja."

"Hapa kazini mimi si wifi."

"Nimesikia, Meneja."

Akakunja aproni yake. Akachukua mkasi wake na zile sindano zake nyembamba za kuungia, akazifunga kwenye kitambaa, akatoka. Wengine wawili wakatoka nyuma yake. Fundi wa mashine, ambaye jina lake la kazini ni Redio kwa kuwa hazimwi, alizimika. Hata mimi sikufungua ukurasa.

Njiani Mama alitangulia, mimi katikati, Shangazi nyuma. Mwavuli ulikuwa mmoja na hakuna aliyeutaka. Nilitembea nao umefungwa, sote watatu tukalowa.

Jikoni Mama alinieleza, bila mimi kumuuliza. "Ningemtoa mtu wa nje nikambakiza ndugu, wangenisikiliza tena? Ilibidi nianze na wa kwangu." Alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo siwezi kusema kama analia.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Shangazi amekula chumbani.

Jumatano, 12 Machi

Tajiri amekataa kutoa hela ya uzi wote. Mama alimweleza kwamba akinunua wote pamoja atapunguziwa bei. Tajiri akamjibu kuwa hela zake hulala benki, hazilali kwenye magunia. Anunue nusu, nusu nyingine baadaye akiona kazi inakwenda.

"Anabana matumizi huku anayalegeza," Mama akasema. Lakini amenunua nusu. Yeye ni meneja, si mwenye mali.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Jaribio la fizikia lilikuwa gumu. Shangazi anamwita Mama "Meneja" hata akiomba chumvi. Mama anampa chumvi.

Jumanne, 25 Machi

Namba kwenye ubao zinapanda kila siku. Migongo mingi, vifua vingi, mikono mingi kupita kiasi. Sweta zenyewe ni chache. Yupo muungaji mmoja tu, dada mpole mwenye miwani, na makapu yamemzunguka kama watoto wanaosubiri kulishwa.

"Mikono ya kuvalisha jeshi tunayo," Redio alisema leo akiwa chini ya mashine. "Tumekosa wanajeshi."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Nadhani aliona nilichokiona mimi: kwenye ile wiki ya kupima kasi alipima kufuma tu. Kuunga hakukupimwa, maana zamani haikuwa kazi ya mtu, kila mmoja aliunga yake. Na aliyekuwa akiwaungia wenzake wakikwama, kwa zile sindano nyembamba, amekaa nyumbani anapanga upya kabati la vyombo ambalo lilikuwa limepangika.

Hakuna aliyemtaja.

Ijumaa, 4 Aprili

Shule zimefungwa. Nimekuwa wa sita darasani. Kuanzia kesho nitasaidia karakana, nitafunga mikono jozi jozi kwa vipimo. Paa linavuja upande wa madirisha, kwa hiyo Redio ameyafunika yote kwa turubai. Tunakaa na taa za mirija kuanzia asubuhi hadi jioni. Chini ya taa hizo watu wote wanaonekana wagonjwa, na bluu inaonekana bluu.

Jumatano, 9 Aprili

Nusu ya pili ya uzi imefika. Mama alilinganisha namba ya rangi kwenye lebo za koni na za mwanzo. Ni ileile. Akatia saini.

Wafumaji walipakia koni mpya kila mmoja alipomaliza kipande, wakaendelea. Makapu ni yaleyale.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Jozi, jozi, jozi. Nimeota mikono.

Jumamosi, 19 Aprili

Tajiri amekuja. Alifuta viatu mlangoni kwa muda mrefu, akatazama ubao, akatabasamu kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu. Mama amewaondoa watu wawili kwenye mashine na kuwaweka kwenye kuunga, kwa hiyo sasa sweta zinatoka. Tajiri alikuja na mpwa wake, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, ambaye aliupiga picha ubao kwa simu.

"Jifunze hapa," Tajiri akamwambia. "Watu wachache, kazi nyingi."

Kasi alinong'ona, "Watu wachache wenyewe migongo inawauma." Mpwa akamtazama kama vile mashine imeongea.

Mama alirudi nyumbani amechangamka, akamwambia Shangazi kwamba mambo yanakwenda vizuri. "Hongera, Meneja," Shangazi akajibu, bila kejeli. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Leo jua limetoka.

Redio alifungua turubai za madirishani ili unyevu utoke kwenye mashine, na Mama, aliyekuwa akiongea na simu, hakumwona. Mimi nilibeba furushi la sweta zilizokamilika nikazipeleka uani kuzikung'uta. Nikazitundika kwenye kamba. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikidhani macho yangu yamezoea giza.

Sweta ya kwanza mwili wake ulikuwa bluu nzito, kama wino mbichi. Mikono yake ilikuwa bluu nyepesi, kama kitu kilichofuliwa mara nyingi. Ya pili ilikuwa sawa kabisa. Ya tatu mkono mmoja mzito na mwingine mwepesi, na ilivyoning'inia pale ungedhani imevaliwa na watu wawili. Nilizigeuza moja moja. Nusu yake, labda zaidi, zilikuwa hivyo.

Sikuhitaji muda kuelewa. Uzi umenunuliwa mara mbili. Namba ni moja, lakini kiwandani ulitiwa rangi kwa nyakati mbili, na rangi haikutoka sawasawa. Zamani jambo hilo lisingemdhuru mtu. Mfumaji alichukua koni zake, akatoka na sweta yake, bluu moja mwanzo hadi mwisho. Lakini kwa mpango wa ubao mgongo unatoka huku na mkono kule, vinakutana kwenye kapu, na anayeviunga anatazama vipimo chini ya taa ya mrija.

Nikaenda ofisini.

"Mama, njoo uani."

"Nina kazi, mwanangu."

"Njoo tu."

Akainua uso. Hakuuliza kuna nini. Akasema, "Funga mlango kwanza."

Hapo ndipo nilipojua kwamba anajua.

Aliona Jumatatu, akasema, alipotoka na sweta moja hadi getini mawingu yalipofunguka kidogo. Aliongea kwa sauti ya chini na ya haraka. Kufumua na kuunga upya kutahitaji watu, watu wanahitaji mishahara, na bajeti haitakiwi kuzidi. Akimwambia Tajiri, mashine zinauzwa. Wanawake kumi na wawili. Asipomwambia, sweta zitakabidhiwa kwenye mvua na hakuna atakayeona.

"Baada ya mvua kuna jua, Mama."

"Baada ya mvua watakuwa wameshalipa."

Sikuijua sauti hiyo. Nilimtazama mama yangu, aliyewahi kunirudisha dukani kwa miguu kwa sababu muuzaji alikosea akanizidishia chenji.

Akatoka nje, akaanua sweta mwenyewe. Kisha akamwambia Redio arudishe turubai maana upepo unaleta mvua. Hapakuwa na upepo. Redio alimtazama, akatazama furushi mikononi mwake, akapanda ngazi. Hakupiga hata mluzi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua tena. Mama alisimama mlangoni akiitazama kama mtu aliyemwona mgeni wake.

Ijumaa, 25 Aprili

Mama ameleta sweta moja nyumbani nijaribu kipimo changu. Aliiacha kitandani akaenda kazini. Mimi nilibaki, nilikuwa na homa ya mafua. Niliivaa ili tu nijue inakuwaje.

Shangazi alikuwa anakunja nguo. "Njoo hapa dirishani," akasema. Akanishika mkono, akaugeuza, akafuata mshono kwa ukucha wake. "Aliyeunga kaunga vizuri." Akaweka mkono wangu juu ya kifua changu, akatazama, akauondoa, akaurudisha.

"Mikono hii si ya hapa," akasema.

Nikaanza kuivua sweta.

"Ziko ngapi?"

"Nyingi."

"Meneja anajua?"

Niliitikia kwa kichwa. Shangazi alimaliza kukunja nguo zote, taratibu, mpaka soksi. Kisha akavaa gauni lake la kutokea, akaichukua ile sweta, akaiweka kwenye mfuko, akaondoka.

Nyumba ya Tajiri haiko mbali. Nilikaa na kitabu mapajani mchana wote na sikumaliza ukurasa. Nilifikiria kukimbilia karakana kumwonya Mama. Nikafikiria pia kwamba labda sitaki kumwonya. Wazo hilo la pili lilinitisha kuliko la kwanza.

Shangazi alirudi Mama akiwa ameshakaa mezani. Viatu vyake vilikuwa vimejaa matope. Akatoa sweta, akaitandika mezani baina ya vikombe, mikono imekunjuliwa.

"Nilikwenda kwa Tajiri," akasema.

Mama akaweka kijiko chini.

"Nimefika mpaka getini. Mlinzi akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia nina kiu. Akanipa maji, nikanywa, nikageuka." Akavuta kiti akakaa. "Na sikugeuka kwa ajili yako. Niliwakumbuka wale waliobaki kwenye mashine. Wewe ulinitoa mbele yao kama gunia."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikasikia sauti inasema, "Mimi sitaivaa," na ilikuwa yangu.

Wote wawili wakageuka.

"Nitasimama mstarini bila sweta," nikasema. "Mwalimu akiniuliza sababu, nitamwambia. Siwezi kudanganya, nitasahau maneno."

Shangazi alifunika mdomo kwa kiganja. Mama akaitazama sweta, akaupapasa mkono wake mmoja kama mtu anayempima mtoto joto.

"Wifi," akasema. Hakuwa amelitumia neno hilo tangu Machi. "Inawezekana kufumua mishono bila kuharibu vipande?"

"Inawezekana. Si bure."

"Kwa malipo."

"Na wale wenzangu wawili uliotutoa pamoja."

"Na wao."

"Hela utatoa wapi? Bajeti yako si haibebi watu?"

"Zile nilizookoa Machi kwa kuwatoa," Mama akasema. "Ndizo hizohizo."

Shangazi akavuta birika, akamjazia Mama kikombe. Chai ilikuwa imepoa, lakini Mama aliinywa yote.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama alikwenda kwa Tajiri kabla ya kazi, peke yake. Hakueleza alichoambiwa. "Amesema nimalize," ndilo neno pekee alilotoa.

Kisha akawakusanya watu mbele ya ubao, palepale aliposimama siku ile, Shangazi na wenzake wawili wakiwa mlangoni. Akainua sweta mbili. Redio akavuta turubai.

"Mpango ni wangu, kwa hiyo kosa ni langu," Mama akasema. "Tarehe haisogei."

Kasi akakunja mikono. "Mikono yangu haina kosa. Nimefuma kama ulivyosema. Sasa nifumue kwa hela ya nani? Mimi nalipwa kwa kipande."

"Wiki hizi utalipwa kwa siku. Wote."

"Na iliyozidi? Mikono ya uzi wa kwanza ni mingi kuliko miili yake, nilikimbia mbele."

"Utafuma mingine kwa uzi wa pili uliobaki."

Kasi alifikiri. "Basi nipe kiti kingine. Hiki kimeshanichoka." Akaenda kukaa karibu na Shangazi.

Mama akachukua kitambaa na kuufuta ubao wote. Chini ya namba kulikuwa na rangi ya kijivu ambayo haikutoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Kufumua mishono si tatizo. Tatizo ni kuona. Chini ya taa, bluu zote mbili ni moja. Lazima mwanga wa nje, na nje kuna mvua.

Kwa hiyo Redio amewekwa mlangoni. Akiona wingu limefunguka anapiga kelele, "Jua!" na sote tunakimbia uani na makapu, tunatandika vipande juu ya maturubai, Shangazi anapita katikati akionyesha kwa kidole: nzito, nyepesi, nyepesi, nzito. Mimi na dada mwenye miwani tunaokota. Redio akisema "Wingu!" tunakusanya tunakimbia ndani. Leo tumefanya hivyo mara nyingi mpaka Kasi akasema akifa azikwe na kapu.

Mara moja Redio aliita jua ambalo halikuwepo. Alikuwa anatania. Mama alimtazama tu, na hakurudia.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua mchana kutwa. Hatujatenganisha hata kipande. Mama alikaa mlangoni mahali pa Redio, na hakuna aliyemwomba apishe.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua.

Jumapili, 4 Mei

Jua la saa nzima, Jumapili, na watu wote walikuja bila kuitwa. Shangazi amepoteza sauti. Anaonyesha kidole tu, nasi tunamtii.

Nimegundua kwamba simwogopi tena Kasi. Nilikuwa nadhani ana kiburi. Kumbe ana haraka tu, na watoto wanne nyumbani.

Jumanne, 6 Mei

Sasa tatizo jipya, na tungeweza kuliona mapema kama tusingekuwa tunakimbizana na mawingu. Kila sweta sasa ni bluu moja. Lakini marundo ni mawili. Shule itakuwa na bluu mbili.

Tulisimama tukiyatazama. "Basi wakubwa wavae ya wakubwa," Redio akasema, "na wadogo ya wadogo. Kama jeshini." Kasi akamwambia akanywe maji.

Mama hakucheka. Akahesabu marundo kwa macho, akanigeukia. "Darasani kwenu mko wangapi?"

Mchana alikwenda shuleni, nami nikambebea mfuko. Nilitamani ardhi inimeze, maana ni mwalimu mkuu. Mama aliweka sweta mbili mezani kwake, kisha, kabla hajasema lolote, akaenda akafungua pazia.

"Nataka uzione kwenye mwanga," akasema. Akaeleza yote: uzi mara mbili, ubao, makapu. Hakumtaja Tajiri.

Mwalimu mkuu alizigeuza. "Ungenyamaza, mimi nisingejua."

"Ungejua Juni."

Akanitazama mimi, nikatazama viatu vyangu. Kisha akauliza kama nzito zinatosha kidato cha tatu na cha nne. Zinatosha. Akasema sawa, lakini zifike Ijumaa, na kwamba sweta ikikutwa na mikono miwili tofauti anarudisha mzigo wote.

Ijumaa, 9 Mei

Zimefika. Gari la mwisho limeondoka mvua ikiwa manyunyu. Mwalimu wa bohari alikagua moja moja akiwa amesimama nje chini ya dari ya veranda. Hakurudisha hata moja.

Tuliporudi karakana Tajiri alikuwa anangoja na mpwa wake. Mashine zinabaki, akasema. Kisha akanyoosha kiganja, na Mama akaweka funguo za ofisi juu yake bila kuuliza. Hivyo ndivyo walivyokubaliana tangu asubuhi ile alipokwenda kwake peke yake, na hakumwambia mtu, hata sisi. Amebeba jambo hilo wiki mbili huku akikimbia na makapu.

"Unaweza kukaa kama mfumaji," mpwa akamwambia. "Kama utapenda."

Mama akaangalia safu ya mashine. "Ya pili kutoka mlangoni," akasema. "Ina mwanga."

Jumatatu, 12 Mei

Shule imefunguliwa. Jua kali, hakuna aliyehitaji sweta, na wote tumezivaa. Mstarini mbele kulikuwa na bluu nyepesi na nyuma bluu nzito, kama maji ya kina kifupi na kirefu. Nilikuwa na hofu mtu angecheka. Nilitazama mikono ya watu wote walionizunguka. Ni ya hapohapo.

Saa ya mapumziko msichana mdogo wa kidato cha kwanza alinisogelea bombani, akagusa kiwiko changu.

"Dada, hii bluu mnapewa mkifika kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

Akafikiri. "Kuna mtihani?"

"Upo."

"Basi nitasoma," akasema, akaondoka akiwa ameudhika.

Nilipowasimulia nyumbani, Shangazi alicheka mpaka akakohoa, sauti yake bado haijarudi vizuri. Mama alitabasamu. Cheti chake hakipo tena juu ya kabati. Nimekiona kwenye droo, hakijachanwa.

"Mpwa ametundika ubao wake leo," Shangazi akaniambia. "Ana kalamu za rangi nne. Ameniuliza kasi yangu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia amuulize yule wa mashine ya pili. Huyo ndiye anayezijua mbao."

"Nami nimemwambia apime na kuunga," Mama akasema. "Akaandika."

Jumanne, 13 Mei

Hakuna mvua. Asubuhi wameondoka pamoja kwenda kazini. Mbingu ilikuwa safi, lakini Shangazi alichukua mwavuli, akasema hauamini mwezi huu. Niliwatazama kutoka dirishani mpaka walipokata kona, wakigombana nani aushike.